Sumaku na Skrubu ya Taya

Kuna fundi makochi mmoja alipigwa mdomoni na kochi. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Lilikuwa kochi kuukuu la mwalimu mmoja mstaafu. Fundi alilipindua miguu juu ili abadilishe mikanda ya chini, akainamisha uso kuangalia springi moja iliyokuwa imenasa. Sasa springi ile ilikuwa imekaliwa na makalio ya watu tangu enzi na enzi, nadhani ikaona hapa ndipo pa kulipiza kisasi. Ikafyatuka. Jino la mbele la juu, lile lililopakana na chonge upande wa kushoto, likavunjika mpaka kwenye mzizi. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Springi, hata wakwe zake.

Mtu atasema, ah, jino moja tu, mbona watu wanaishi bila meno na wanazeeka salama. Ni kweli. Lakini kazi ya makochi ya kizamani ina mambo yake. Fundi wa siku hizi ana bunduki ya pini, ta-ta-ta, kamaliza, anaenda kunywa chai. Springi alifundishwa na mjomba wake kwa nyundo ya sumaku. Ni nyundo nyembamba, kichwa chake upande mmoja kina sumaku. Fundi anajimiminia misumari midogo kinywani, konzi nzima, utadhani anakula karanga. Halafu ulimi unaipanga, unatoa mmoja mmoja kati ya midomo, kichwa cha msumari kikitangulia. Nyundo inaufuata pale pale mdomoni, inaunasa, inaupigilia kwenye ubao. Muda wote mkono mwingine umekivuta kitambaa kisilegee. Kwa hiyo mdomo ndio mkono wa tatu. Na mkono wa tatu wa Springi ulikuwa na tundu. Misumari ilimtoka kama punje kwenye gunia lililotobolewa na panya, mingine ikimchoma ufizi palipokuwa na jino.

Mkewe akamsikiliza akilalamika, akamsikiliza, mwisho akachoka. Akampeleka kwa daktari wa meno.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika la binti yao mkubwa, mpole, mikono midogo. Akampiga picha ya taya, akaiangalia sana, kisha akaleta sinia yenye vitu viwili vidogo vya kijivu. Springi alipoviona akakaa wima. Hakutegemea kukutana na skrubu kwa daktari wa meno.

"Mzee, hivi ndivyo vipandikizi," daktari akasema. "Ndiyo mzizi mpya. Tunauingiza kwenye mfupa, mfupa ukishaukubali, juu yake tunafunga jino. Hii moja imenyooka kama penseli. Hii nyingine imechongoka."

"Kama karoti," Springi akasema.

"Kama karoti. Sasa mfupa wako huku juu ni laini, una matundu matundu ndani."

"Kama zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa."

Daktari akatabasamu. "Wewe kwenye ubao kama huo ungetia skrubu gani?"

"Iliyochongoka, yenye thredi pana, ile mizunguko ya pembeni. Iliyonyooka yenye thredi fupi itazunguka humo ndani, itasaga ubao, mwisho ubaki na tundu na hasira."

"Basi ndiyo hii nitakayokuwekea. Ikiingia inasukuma mfupa pembeni, inajibana yenyewe."

Springi akaichukua kwa vidole, akaigeuza kwenye taa. "Lakini daktari, hii mbona ina makwaruzo? Hawakumaliza kuipiga msasa?"

"Imekwaruzwa makusudi. Ikiwa laini kama kioo, mfupa unakosa pa kushika."

"Kama gundi. Gundi nayo haishiki kwenye kitu kilichong'aa."

"Kama gundi, ila gundi hii inaota yenyewe."

Hapo ndipo Springi alipoharibu. Alifurahi mno. Akajiona amekwisha kuwa nusu daktari, na mtu akishajiona anajua, masikio yanakwenda likizo. Daktari akaendelea kumwambia kwamba ubao umekufa lakini mfupa uko hai. Kwamba siku ya kwanza skrubu inashikiliwa kwa kubanwa tu. Kwamba baadaye ule mfupa uliobanwa unajila kidogo, unaondoka, halafu mwingine mchanga unaota na kuingia kwenye thredi, na hapo katikati kuna kipindi skrubu inakuwa imelegea kidogo kuliko siku ile ya kwanza, kwa hiyo asiogope ila asiichokoze. Springi akawa anatikisa kichwa, ndiyo daktari, ndiyo, huku anawaza jinsi skrubu kama ile ingekaa vizuri kwenye mguu wa stuli.

Maneno mawili tu aliyasikia sawasawa. La kwanza lilihusu kidevu.

"Mfupa wako hapa ni mwembamba," daktari akasema. "Unatosha kwa mara moja. Skrubu hii ikikataa, itabidi nikate kipande cha mfupa kwenye kidevu, nikipandikize hapa, tusubiri kipone, ndipo tuanze upya."

Springi akajishika kidevu. Akaapa kimoyomoyo kwamba kidevu hakikatwi. Ikikataa, basi, atazikwa na pengo lake.

Neno la pili lilikuwa misumari.

"Hakuna kutia msumari mdomoni mpaka niseme."

"Hata mmoja?"

"Hata picha ya msumari."

Basi akawekewa. Taya ilikuwa imekufa ganzi, anasikia mashine tu ikiguna polepole kichwani mwake. Ikafika mahali ikanyamaza, na Springi, mdomo wazi, akatamani kusema ongeza kidogo. Baadaye akauliza.

"Mimi ningekaza mpaka ilie, daktari."

"Ikilia, mfupa umebanwa kupita kiasi unakufa. Ukifa nani atashika?"

Juu ya skrubu wakafunga kifuniko kidogo cha kung'aa, kikawa kinachungulia kwenye ufizi. Kabla ya kukifunga, daktari alichomeka kijiti kifupi, akasogeza kifaa kama kalamu, kikalia pip, namba ikatokea kwenye kioo. Sitini na sita. "Ndivyo ilivyoshika. Nzuri," akasema. Springi alipoitwa tena kuangaliwa, namba ikawa sitini na moja.

"Imeshuka," akasema.

"Nilikwambia itashuka kidogo kabla ya kupanda."

"Uliniambia," Springi akakubali, ingawa hakukumbuka hata nukta.

Akarudi kazini na wasiwasi wake. Misumari akaiweka kwenye kopo kiunoni, anachovya vidole, anatoa, inadondoka, anaokota. Kazi ya asubuhi inamalizika jioni. Pembeni yake kwenye kibaraza hicho hicho alikaa fundi viatu, mtu asiyejua kunyamaza hata akiwa na uzi mdomoni, naye akapata cha kufurahia.

"Springi, leo umekuwa kuku, unadonoa."

"Donoa viatu vyako."

Wakaendelea hivyo siku zikapita, na pengine mambo yangekwisha salama. Lakini mazoea yana taabu. Siku moja Springi alikuwa na kochi la mtu wa nyumba ya wageni, kona yake ngumu, kitambaa kinene kinachotaka kuvutwa kwa nguvu zote. Akavuta, akaona ameshika vizuri, akachelea kukiachia. Mkono wa kulia ukashuka kwenye kopo, ukachota, ukapanda mdomoni. Yeye mwenyewe hakuuagiza. Ulimi ukapanga. Nyundo ikaja, ikanasa, ikapiga. Ikaja, ikanasa, ikapiga. Alikuwa amefika nusu ya kona, raha tele, ndipo akahisi kitu mle ndani ya taya kikisema tk.

Akaganda. Ulimi ukapanda kuchungulia. Ukakigusa kile kifuniko, nacho kikazunguka.

Akatema misumari yote sakafuni.

"Umemeza?" fundi viatu akauliza.

"Sijameza. Imecheza."

"Nini imecheza?"

"Skrubu."

Fundi viatu akaweka chini kiatu alichokuwa anashona, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akasogea, akachungulia mdomo wa mwenzake kama mtu anayechungulia kisima.

"Ndugu yangu, nikuulize. Hiyo nyundo ina nini kichwani?"

"Sumaku. Si unajua?"

"Na hapo juu ya mdomo umefungwa nini?"

Springi akamwangalia. Akaiangalia nyundo.

"Umejing'oa mwenyewe," fundi viatu akasema kwa huruma. "Msumari unavutwa, na yenyewe inavutwa. Kidogo kidogo. Ndiyo maana hata namba ilishuka."

"Siku namba inashuka sikuwa nimetia msumari."

"Lakini nyundo si ulikuwa unaishika? Si unaipitisha hapa karibu na uso siku nzima?"

Jambo la uongo likipangwa vizuri linakaa kama la kweli. Springi akaifunga nyundo kwenye kitambaa, akaisukumia mbali kwa mguu, akaenda nyumbani mapema.

Hakumwambia mkewe. Angeanzia wapi? Misumari alikatazwa mbele yake. Akawa anafunga mdomo tu. Akiulizwa, mm. Akiletewa chakula anatafuna upande mmoja polepole kama anahesabu. Siku ya kwanza mkewe akadhani amechoka. Siku ya pili mchuzi ulizidi chumvi, na mumewe akaumaliza bila kulalamika, hapo mama akaanza kuingiwa na hofu. Mume huyu alikuwa mtu wa kulalamikia chumvi hata kwenye maji ya bahari.

Kilichomfichua ni friji. Mkewe aliingia jikoni akamkuta amesimama pembeni ya friji, mkono mmoja umenyooka kuushika mlango, kichwa amekipindua upande wa pili mpaka shingo imetoka mishipa. Akaufungua mlango kidogo, akachopoa chupa ya maji, akaruka nyuma.

"Baba watoto, kuna nyoka humo?"

"Mm-mm."

"Basi unaogopa nini?"

"Mlango wa friji una sumaku."

Mama akavuta kiti, akakaa. "Na jana redio uliipeleka uani kwa sababu gani?"

"Spika nayo ina sumaku."

Wameishi pamoja miaka mingi, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Umetia misumari mdomoni."

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

"Mdomo mmoja."

"Midomo unayo mingapi, wewe mtu? Una mmoja tu, na umeujaza."

Springi akakaa naye mezani. Akamweleza yote, nyundo, ile tk, jinsi kinavyozunguka ukikisukuma kwa ulimi, maneno ya fundi viatu. Alipofika kwenye kidevu akaiweka chupa mezani.

"Atakikata, mama watoto. Alisema mfupa unatosha mara moja tu. Mimi mtu mzima, nimevunjika mbavu nikanyamaza, nimepigwa na springi sikulia. Lakini nikiwaza msumeno kwenye kidevu, usingizi siupati. Na nikikataa kukatwa, kazi yenyewe naiacha hivi hivi. Siwezi kudonoa maisha yangu yote."

Mkewe hakumcheka. Alinyoosha mkono akamshika hicho kidevu, chenye mvi zake, akakitikisa kidogo.

"Kidevu hiki nimekiangalia kabla hakijaota ndevu. Hakuna wa kukikata bila kuniuliza mimi. Vaa viatu twende."

"Miadi si leo."

"Ndiyo maana nimesema vaa viatu, sikusema subiri miadi."

Wakaenda. Walipofika wakaambiwa wasubiri kidogo, daktari ana mtoto anang'oa jino, na Springi akawa anamsikiliza yule mtoto akilia, anaona kama analiliwa yeye. Zamu yao ilipofika akaketi kwenye kile kiti kirefu, mkewe akasimama miguuni pake na mkoba kifuani. Daktari akavaa glovu.

"Haya mzee, fungua."

"Daktari, kabla sijafungua."

Akaungama yote. Daktari alisikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye habari ya friji, muuguzi aliyekuwa anapanga vyombo akageukia ukutani ghafla, mabega yakawa yanamtikisika. Daktari yeye alijikaza, akauma mdomo tu.

"Sawa," akasema. "Sasa tuangalie."

Akaingiza kidole, akagusa. Kifuniko kikazunguka. Springi alimwona usoni akikunja kipaji, akajua imekwisha. Daktari akachukua bisibisi ndogo, fupi kama kijiti cha kiberiti, akazungusha mara chache, na kikatoka kitu. Akakiweka kwenye sinia, kikalia ting.

Springi akafumba macho. "Ndiyo hiyo imetoka," akasema. "Yote."

"Fumbua macho mzee. Hiki ni kifuniko."

Springi akafumbua jicho moja.

"Skrubu yenyewe ina tundu juu yake, na tundu lina thredi zake. Kifuniko hiki kinafungwa humo. Ni skrubu juu ya skrubu. Umekisukumasukuma kwa misumari na ulimi, kikalegea. Kilichokuwa kinazunguka ni hiki. Hukusikia maumivu, siyo?"

"Sikusikia."

"Hakuna usaha, hakuna uvimbe. Lakini hatuamini macho peke yake. Tupime."

"Na sumaku, daktari?" mkewe akauliza.

"Mama, chuma hiki kinaitwa titani. Sumaku haina habari nacho. Ukikifunga kwenye nyundo yake mwaka mzima hakitasogea." Akachukua kile kijiti kifupi cha kupimia, akakionyesha. "Tena sikiliza, mzee. Kijiti hiki nchani kina sumaku. Ndiyo kipimo kinavyofanya kazi, kalamu inakitikisa kutoka mbali, nasi tunasoma kinavyotikisika. Kama skrubu imelegea, kinayumba polepole. Ikishikwa imara, kinatetemeka upesi. Mara mbili zote nilikufungia sumaku juu ya skrubu yako, na hukujua."

Springi akashika mikono ya kiti. Amejipindisha shingo kwenye friji bure, na sumaku yenyewe ilikuwa imekwisha kumpanda kichwani.

Kijiti kikafungwa. Kalamu ikasogea. Pip. Daktari akatazama kioo, hakusema kitu. Akasogeza kalamu upande wa pili. Pip.

"Daktari," mkewe akasema, "tuambie na sisi."

"Sabini na tano. Upande wa pili sabini na sita."

"Ndiyo kusema?"

"Siku tuliyoiweka ilikuwa sitini na sita. Ikashuka, sasa imepanda kupita ilipoanzia. Mfupa umeingia kwenye thredi, mama. Umeshika."

Springi alishusha pumzi, lakini pumzi gani, ndefu, ya siku zote zile alizokaa amefunga mdomo, mpaka miwani ya daktari ikaingia ukungu. Akaiachia mikono ya kiti, kiatu kimoja kikataka kudondoka. Kumbe muda wote ule anaikimbia redio, mfupa ulikuwa humo ndani unafanya kazi yake taratibu, haujui habari ya nyundo wala ya fundi viatu, unaota tu na kujishikiza kwenye yale makwaruzo, punje kwa punje.

"Kwa hiyo kidevu?" akauliza.

"Kidevu kaa nacho."

Mkewe naye akatafuta pa kukaa. Alicheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, akasema vumbi la hapa ni jingi, na chumba kile kilikuwa kisafi kama sahani.

Daktari akakirudisha kifuniko, akakikaza kwa kile kibisibisi. Springi akaangalia mkono wake unavyopima nguvu, safari hii hakutamani kuongeza kitu.

"Ukirudi tutachukua kipimo cha jino lenyewe," daktari akasema. "Na misumari?"

"Hata picha ya msumari," Springi akajibu haraka.

"Jino likishawekwa, tutaongea."

"Upande wa kulia, daktari? Nikiipanga yote shavu la kulia, haigusi huku."

"Tutaongea, nimesema."

"Kwa sababu mjomba wangu yeye alikuwa anaipanga kulia peke yake, na alikuwa..."

"Baba watoto," mkewe akasema, "teremka kwenye kiti cha watu."

Wakatoka hadi chumba cha kungojea. Mkewe akaenda kwenye meza ya mapokezi kuulizia siku ya kurudi. Alipogeuka hakumwona mumewe. Akatazama mlangoni, hayupo. Akatazama chini, akamkuta amepiga magoti mbele ya benchi la wagonjwa, amepitisha mkono chini ya kiti, anapapasa.

"Nani aliwatengenezea hili?" Springi akamuuliza dada wa mapokezi.

"Tulilikuta hivyo, mzee."

"Sponji imekwisha kabisa. Mgonjwa anaumwa jino huku nyuma anachomwa na ubao, ataanza kusahau kilichomleta." Akachomoa pini moja kwa ukucha, akainyanyua juu, akaitazama kama kitu kilichookotwa kwenye mchele. "Bunduki. Nilijua."

"Twende nyumbani," mkewe akasema.

"Subiri kidogo. Hebu shika hapa, vuta kitambaa. Vuta, mama watoto, usikibembeleze."

Mama akatazama saa ya ukutani, akatazama foleni ya watu waliokuwa wanamwangalia. Akaweka mkoba sakafuni, akashika kitambaa, akavuta.